Wanawake Kumi na Tisa Wasio na Maoni

Wenzangu mnaobaki kazini, mliniomba niandike. Nilikataa mara mbili, na mara ya tatu nikaona kukataa nako kunaanza kuwa maringo. Mimi nimesoma hadi darasa la saba tu, na kuandika kwangu ni kwa muhtasari wa vikao: waliohudhuria, ajenda, maazimio, kufunga. Mkiona hapa mambo yamekaa kama muhtasari, mnivumilie. Mkiona mahali nimejisifu, pafuteni. Habari za vyeo na mishahara nimeziacha. Hazimfundishi mtu kitu, na zangu zisingejaza ukurasa.

Nilianza kwa bahati. Kijijini kwetu, milimani Mbulu, nilikuwa katibu wa kikundi cha akina mama wenye mashine ya kusaga. Shirika likaja kutafuta mtu anayejua Kiiraqw, mwenye mwandiko unaosomeka na asiyeogopa kutembea. Walionizidi elimu walikuwepo, lakini walikuwa wameshaenda Arusha. Nikachukuliwa mimi. Kazi iliitwa mwezeshaji wa uongozi shirikishi. Mama yangu akaniuliza, "Rejina, hiyo nayo ni kazi gani?" Nikamwambia ni kuwasaidia watu waongoze pamoja badala ya mmoja kuongoza peke yake. Akafikiri kidogo. "Na huyo mmoja amekubali?" Nimehudhuria semina nyingi tangu siku ile, na sijasikia swali linalolizidi hilo.

Siku ya kwanza nilifuatana na Baba Safari, mzee aliyekuwa akifanya kazi hii tangu haijapewa jina. Tulishuka kwa miguu kuelekea kijiji kimoja upande wa Dongobesh, mimi nimebeba bango kitita, yale makaratasi makubwa ya kutundika ukutani, begani kama mkeka. Nilikuwa nimevaa viatu vya kanisani. Alivitazama, akachagua njia yenye matope. Tulipokaribia akaniambia mambo matatu, nami nawaandikia kama alivyosema. Wahi kabla ya wenye kikao. Salimia wote, mkubwa kwa shikamoo, na usianze kazi kabla hawajakuuliza habari za kwako. Na kalamu ikae mkobani mpaka watu wameuzoea uso wako. "Ukiinama kuandika unaona karatasi," alisema. "Watu hawako kwenye karatasi."

La kwanza na la pili niliyashika. La tatu nililisahau siku moja, na siku hiyo ndiyo hasa ninayotaka kuwaandikia.

Kikundi cha kwanza nilichokabidhiwa peke yangu kilikuwa cha kitalu cha miti. Tulikubaliana kila kikao kiongozwe na mtu mwingine, ili wote wajifunze. Mwenyekiti wa zamani alikubali upesi mno. Siku ya kubadilishana tukagundua kwamba kiti cha mbele kilikuwa chake, alikitoa nyumbani, na sasa alikuwa amekisogeza pembeni na kukikalia mwenyewe. Mama aliyeongoza akakaa juu ya debe lililopinduliwa. Kikao kilichofuata wenzake nao wakaja na madebe, wakakaa duara, na mzee akabaki juu ya kiti peke yake kama mtu anayenyolewa. Kikao cha nne akaja na debe. Mimi sikufanya lolote katika hayo yote. Kwenye ripoti niliandika "mwezeshaji aliwezesha". Nisameheni.

Baadaye nilihamishiwa Hanang. Nilipanga chumba Endasak, na vijiji vyangu vilikuwa huko, na Mogitu, na Hirbadaw, na bondeni zaidi. Mlimani nilitembea kwa miguu. Huku nilipanda pikipiki. Wakati wa mvua udongo mweusi unajaa kwenye madigadi mpaka gurudumu linakataa kuzunguka, na dereva anashuka na kijiti kuukwangua. Bebeni kijiti chenu. Cha dereva hupotea kila wakati.

Lazima niseme ukweli mwingine. Nilishuka bondeni na dharau niliyokuzwa nayo. Kwetu tuliwaita wafugaji wa Kibarbaig kwa jina ambalo wao hawalipendi, na tuliambiwa tangu utotoni kwamba wanawake wao hawasemi. Wao nao walikuwa na la kwao juu yetu: kwamba watu wa mlimani wanalima mpaka katikati ya njia ya ng'ombe, halafu wanashangaa ng'ombe akipita. Nimeyapima yote mawili kwa miaka mingi. La kwao ndilo lenye ukweli.

Kijiji chenye habari hii sitakitaja. Upande wa juu, karibu na shule, walikaa wakulima; upande wa chini wafugaji. Maji ya bomba yalikuwa yanaletwa, na kwanza kilikuwa kinajengwa kituo kimoja tu cha kuchotea. Mahali pawili palipendekezwa: shuleni, au chini kwenye kisima cha zamani. Kisima hicho kilichimbwa na mzee mmoja wa Kibarbaig ambaye ameshafariki, na kisima chenyewe pamoja na eneo lote lile huitwa kwa jina lake. Jina hilo nalo sitaliandika. Mbele mtaona sababu.

Mkutano ulikuwa wakati wa kiangazi, na wanaume wengi wa bondeni walikuwa wamehama na ng'ombe kutafuta majani. Walikuja wachache, wazee. Lakini wanawake wa bondeni walikuja kumi na tisa, wakakaa pamoja upande mmoja. Mimi nilifurahi sana kuwaona, maana nilikuwa nimedhamiria kwamba siku hiyo kila mwanamke atasikika. Mkalimani wangu alikuwa Gidahoda, mwenyekiti wa kitongoji cha chini, mwanamume mpole wa huko huko. Nilimwambia mbele ya watu wote, "Mwenyekiti, wewe tafsiri tu. Usiongeze, usipunguze." Nilijiona mtenda haki.

Nikatundika bango kitita kwenye ukuta wa ofisi ya kijiji. Nikachora safu tatu: shuleni, jina la mahali pa kisima, hana maoni. Kila mtu alitakiwa asimame, ataje kwa kinywa chake jina la mahali anapotaka, nami niandike. Wakulima walianza, wakasema vizuri, kwa sauti. Kisha akasimama mwanamke wa kwanza wa bondeni. Huyo ndiye Mama Udamajeng.

"Mama, kituo kiwe wapi?" nikamuuliza.

"Kule."

"Kule wapi? Taja jina la mahali, mama, niandike."

Wenzake wakatazama chini.

"Kule tu," akasema tena.

Gidahoda akanisogelea. "Mwalimu, hapa kuna jambo..."

"Tafsiri tu, mwenyekiti."

Akashusha pumzi. "Amesema kule."

Nikaandika kwenye safu ya tatu. Wa pili akasema hajui. Wa tatu hakusimama. Waliobaki niliwauliza wote pamoja, na hakuna aliyejibu. Jua lilikuwa kali, dereva wa pikipiki alikuwa ameshapiga honi mara mbili, na watu wa juu walianza kunong'ona kwamba tunapoteza muda. Hizo si sababu; naziandika kwa kuwa zilikuwepo. Muhtasari ukasomeka: wanawake kumi na tisa wa kitongoji cha chini, hawana maoni. Kituo kikajengwa shuleni. Ofisini walinisifu kwamba nimewapa hata wanawake wafugaji nafasi ya kujieleza, na muhtasari ule ukasomwa kwa wenzangu kama mfano. Nilisikiliza nikiwa nimeinamisha kichwa kwa unyenyekevu. Nakumbuka hata unyenyekevu wenyewe ulinipendeza.

Kiangazi kilichofuata nilirudi kuona kituo kinavyofanya kazi. Njiani nikamkuta Mama Udamajeng anapanda na punda wawili wenye madumu. Maji ya kisima cha zamani yalikuwa yamebaki tope la kunywesha ndama, kwa hiyo wanawake wa chini walipanda mpaka shuleni, wakasubiri wenye kituo wamalize, wakashuka. Ukitoka na jua la asubuhi unarudi ng'ombe wachache waliobaki nyumbani wakiwa wanakaribia kuingia zizini. Tulikuwa wa umri mmoja, tukasalimiana bila shikamoo, kwa Kiswahili chake cha sokoni. Nikaanza kumsaidia kuswaga punda. Punda hawakunitambua.

Nikasema, na mpaka leo sauti yangu naisikia, "Mama, mngesema tu siku ile, maji yangekuwa kwenu."

Akasimama. Punda nao wakasimama.

"Tulisema."

"Mimi niliandika hamna maoni."

"Kuandika uliandika. Mimi nilikuonesha kwa kidevu. Wewe unaangalia karatasi."

"Nilikuomba utaje jina, mama."

"Jina la nani?" akaniuliza. "Yule ni baba mkwe wangu. Wale wote uliowaona wameolewa na watoto wa nyumba yake. Nimtaje, nimesimama, shemeji zangu wamekaa pale, kwa sababu mgeni ana karatasi? Wewe kwenu baba mkwe unamwita tu hivyo, kama mbuzi?"

Wenzangu, mwanamke wa Kibarbaig akishaolewa hatamki jina la baba mkwe wake, hata kama mkwe huyo ameshakufa. Hata neno linalofanana na jina hilo hulikwepa, akatafuta lingine. Hili halikuwa siri. Mtoto yeyote wa pale angenieleza. Gidahoda alitaka kunieleza, na mimi nilimfunga mdomo kwa jina la haki. Na sisi Wairaqw tuna heshima zetu kwa wakwe, kwa hiyo siwezi kujitetea kwamba jambo lilikuwa geni.

"Mbona hamkunifuata mkaniambia?" nikamuuliza.

"Uliuliza, tukajibu," akasema. "Tukaona umekataa."

Akawachapa punda, akaendelea.

Daftari langu la siku hiyo lina mstari mmoja tu: "Nimekosea au nimekosewa?" Niliandika hivyo kweli. Aibu yangu ilikuwa inatafuta mwenzake wa kugawana naye.

Sasa, kosa hilo lilikuwa linakaribia kuzaa jingine. Bomba zilikuwa zimebaki za kutosha kituo kimoja zaidi, na mkutano mkuu wa kijiji ungeamua ziende wapi. Kamati ilikuwa imependekeza senta, kwenye maduka. Sababu yao ilikuwa imeandikwa: kitongoji cha chini hakikuonesha kuhitaji, rejea muhtasari. Muhtasari wangu. Bomba zile zikishafukiwa kuelekea senta, hakukuwa na nyingine, na Mama Udamajeng na wenzake wangepanda kilima na punda miaka yao yote iliyobaki.

Nilimweleza mkuu wangu wa kazi. Alisema nikisimama kukiri hadharani, watu watatilia shaka mihtasari yetu yote, na vijiji viko vingi. Hakuwa mtu mbaya. Hofu yake ilikuwa na maana, na hata leo sina hakika kwamba hakuna kijiji kilichotudharau kwa sababu yangu. Aliniambia nifikiri. Nikapanda basi kwenda Mbulu kwa Baba Safari, ambaye alikuwa ameshastaafu. Nilimkuta anapura maharage. Nikaeleza yote, mwanzo mpaka mwisho, yeye anapura tu.

"Huo muhtasari ni wako?" akauliza.

"Ni wa kijiji, baba."

"Sasa mimi unaniuliza nini?"

Akanipa fimbo nyingine. Tukapura mpaka yakaisha, ndipo nikapewa chai.

Siku ya mkutano mkuu nilimwomba mwenyekiti wa kijiji nafasi kabla ya ajenda ya bomba. Nikasema niliuliza vibaya na nikaandika vibaya. Wanawake walikuwa na maoni, isipokuwa mimi nilidai wayatoe kwa njia ambayo kwao ni matusi. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi, yakaisha upesi. Mzee Petro, mkulima wa upande wa juu mwenye duka pale senta, akasimama.

"Kwa hiyo, mwalimu, ukosee wewe, bomba tupoteze sisi?"

Watu wakacheka. Mwingine akapaza sauti, "Mwacheni, leo yeye ndiye hana maoni!" Wakacheka zaidi.

"Ndiyo, mzee," nikajibu. "Inaweza kuwa hivyo."

Ndivyo ilivyokuwa, na Mzee Petro alikuwa na haki ya kuuliza. Akasema basi wapige kura tena, lakini mimi nisishike kalamu. Kijiji kizima kikakubali. Nami nikakubali, sikuwa na namna.

Nikamgeukia Gidahoda. "Mwenyekiti, leo ongeza unachotaka kuongeza."

Akasema, "Nilikuwa nangoja." Akaomba majivu kutoka jikoni kwa mama ntilie, akachora kijiji chini kwenye vumbi: njia, shule, senta, korongo, kisima. Hakutaja jina la mahali popote. Akasema kila mtu aokote jiwe moja, aliweke anapotaka maji, na asiseme kitu. Mimi nilisimama mikono mitupu. Sijawahi kujisikia mtu wa bure kiasi kile, na sijawahi kuona mkutano vizuri kiasi kile.

Mama Udamajeng alitangulia. Aliinama, akaweka jiwe lake kwenye duara la kisima, akainuka, akanitazama mpaka akaridhika kwamba ninaangalia. Ndipo akarudi kukaa. Wenzake wakafuata mmoja mmoja. Kisha wanaume wa chini, maana safari hii ng'ombe walikuwa wamerudi. Kisha wa juu, na hapo nikashangaa: wapo wakulima walioweka kisimani, hasa akina mama waliochoka kugombania foleni na punda pale shuleni. Lakini mawe ya senta nayo yalikuwa mengi. Kwa kuyatazama tu usingejua yapi yamezidi.

Mzee Petro akasema atahesabu yeye. Watu wa chini wakaguna. Gidahoda akawanyamazisha. Mzee akachuchumaa, akahesabu polepole akigusa kila jiwe. Akamaliza, akaanza upya. Alipoinuka akapangusa magoti.

"Kisimani yamezidi," akasema. "Hayajazidi sana, lakini yamezidi. Na nataka iandikwe kwamba mimi sikufurahi."

Iliandikwa. Ndiyo sentensi ninayoipenda kuliko zote katika mihtasari ya kijiji kile, na haikuandikwa na mimi.

Ili niwe mkweli niseme na upande wa pili. Pale senta palikuwa na mama muuza chai aliyekuwa ameshahesabu maji ni yake. Aliendelea kubeba ndoo kichwani kwa muda mrefu baada ya hapo, na kila nilipopita kunywa chai aliniambia, "Hii umeinywa kutoka shuleni, mwalimu, na shingo ni yangu." Alikuwa na haki. Kura nzuri haimnyweshi kila mtu. Nilikunywa chai yake, nikalipa.

Tangu hapo nilitumia mawe kila mahali. Yanafaa, ila nawaonya: tumieni mawe kweli. Hirbadaw nilitumia punje za mahindi kwa kuwa mawe hayakuwa karibu, na kuku wa mwenyekiti wakapunguza kura tukiwa tunafungua kwa sala. Pia mawe hayamalizi kazi. Mtu anaweza kuambiwa nyumbani pa kuliweka, na wewe hutajua. Nadhani kuna mara nilidanganywa na mawe kama nilivyodanganywa na safu zangu tatu. Tofauti ni kwamba kwenye mawe lazima utazame watu.

Mwezi niliostaafu nilizunguka kuaga. Kijiji kile nilikiacha cha mwisho kwa sababu nilikiogopa. Nilimkuta Mama Udamajeng kwenye birika la kituo cha chini, ananywesha ndama, na wake za wanawe wanajaza madumu. Amezeeka, na mimi nimezeeka. Nikamwambia naacha kazi. Akaingiza mkono ndani ya shuka, akatoa jiwe. Jiwe la kawaida, jeusi, lenye kona moja iliyovunjika.

"La siku ile," akasema. "Walipomaliza kuhesabu nililichukua."

"La nini, mama?"

"Nilisema huyu akiandika vibaya tena, nimuoneshe." Wake za wanawe wakacheka wakijificha kwenye shuka zao. "Sasa unaacha. Chukua."

Nililipokea kwa mikono miwili. Nikamwambia kwamba kazi imeisha, lakini kuandika bado. Wenzangu wameniomba niwaachie maneno kidogo, na jiwe hili nitaliandika.

"Utawaambia limetoka wapi?" akauliza.

Jina lilikuwa tayari ulimini mwangu. Mimi si mkwe wa nyumba ile, hakuna anayenikataza. Nikawatazama wale wanawake, wameacha kujaza maji, wananisubiri. Nikafunga mdomo. Nikainua kidevu kuelekea kisimani.

Mama Udamajeng akageuka, akatazama nilikoonesha, kana kwamba hapajui.

"Hapo," akasema, "umeandika vizuri."